Kiganja Mbele ya Nozeli

Fundi Suud bin Abdulla hakuyaamini macho. Macho, alikuwa akisema, hudanganywa na jua, lakini kiganja hakidanganyiki. Katika gereji yake ya mabati, nyuma ya soko la Kariakoo, kiganja chake cha kulia kilipima joto la rejeta, pumzi ya silinda, hata petroli inavyorushwa na kabureta. Mafundi wa mitaa ya jirani wakamwiga, ikawa ndiyo desturi: gari halitoki gerejini mpaka lipapaswe kama mama mjamzito mbele ya mkunga. Ilikuwa desturi nzuri, kwa magari ya petroli.

Kisha Bwana Mbaruk, mwenye duka la nafaka Mtaa wa Kongo, akanunua lori la dizeli. Alitamba nalo weee, mpaka lilipoanza kukohoa na kutoa moshi mweusi, na kilima cha Pugu likakipanda kwa kuomba Mungu. Dereva wake Onesphory, kijana wa Kilimanjaro, akalileta kwa Suud asubuhi moja likiwa limeshapakiwa chumvi ya kwenda Morogoro.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mmelilisha nini hili?"

"Bwana Mbaruk anasema likikushinda, tulipeleke kwa mafundi wa bandarini. Wao wana mashine ya kupimia nozeli."

Maneno hayo yalimchoma Suud. Miaka yote aliyomtengenezea Mbaruk magari yake, leo anatishiwa na mashine. Akainua kiganja chake. "Mwambie na mimi mashine ninayo."

Na tumpe haki yake, kazi aliijua. Aliacha injini ikinguruma polepole, akashika spana, akalegeza nati ya bomba la mafuta kwenye nozeli ya kwanza, mdomo unaopulizia dizeli ndani ya silinda. Injini ikayumba kwa kuikosa, kwa hiyo nozeli ile ni nzima. Akaikaza, akaenda ya pili, ikayumba vilevile. Alipolegeza ya tatu, injini haikujali kitu, ikaendelea kukohoa kama mwanzo.

"Mgonjwa wetu huyu," akasema.

Akaizima injini, akaifungua nozeli ile, akaifunga tena kwenye bomba lake huko nje, mdomo ukitazama hewani. Mabomba mengine akayalegeza injini isije ikawaka, akamwambia Onesphory azungushe hendeli. Mafuta yalipaswa kutoka kama ukungu. Yakatoka kwa kudondoka, kama mate ya mtoto anayeota meno. Suud akaifumua nozeli, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaukwangua mdomo wake kwa kijiti mpaka masizi yakaisha, akairudisha.

Onesphory akazungusha tena. Safari hii ukungu ulitoka mwembamba, mzuri. Macho ya wote wawili yaliuona, na mtu mwingine angetosheka. Suud akasogeza kiganja mpaka mdomoni mwa nozeli.

"Fundi, wale wa bandarini hawaweki mkono."

"Wale wana mashine, hawana mikono. Zungusha."

Kijana akazungusha. Suud alihisi kitu kama kuumwa na sungusungu, akatazama kiganja, akaona kitundu kidogo kisicho hata na damu. Akacheka. Akaifunga nozeli mahali pake, lori likawaka kwa sauti safi, moshi mweusi ukakoma, chumvi ya Mbaruk ikaenda Morogoro. Usilolijua ni kama usiku wa giza: petroli ya kabureta hulowesha ngozi tu, lakini dizeli ya nozeli husukumwa kwa nguvu ya kupasua nyama, nayo ilikuwa imeshaingia na kujificha ndani.

Alasiri vidole vilikufa ganzi. Kesho yake mkono ulivimba, ukawa mweupe kama unga, naye akawa anaung'ata mto asipige kelele. Mkewe Mauza akamkanda kwa maji ya chumvi, kisha akamburuta hospitali. Dresa, msaidizi wa daktari, akatazama kile kitundu, akauliza kimetokana na nini.

"Nimechomwa na waya," Suud akasema.

Dresa akapaka dawa, akamwambia aende nyumbani. Njiani Mauza hakuweza kunyamaza.

"Baba Amna, kwa nini hukumwambia kweli?"

"Kweli ipi? Kwamba fundi mzima nimepulizwa na nozeli? Kesho Kariakoo nzima itanicheka."

Mkono ule ndio uliokuwa duka lake, shamba lake na jina lake, naye akauficha ugonjwa wake kwa kuogopa kicheko. Inatia uchungu, na inatia hasira zaidi. Aliporudi hospitali harufu ilikuwa imeshamtangulia mlangoni, na daktari akaukata mkono kwenye kifundo.

Kariakoo haikucheka. Ilimhurumia, na huruma ya Kariakoo mtu hapewi akajua pa kuiweka. Gereji ikachukuliwa na fundi Elisaria. Suud akakaa barazani kwake, anayatambua malori kwa mlio, na hakuna anayemuuliza.

Mbaruk alipomwoza binti yake Badriya, alimwalika kwa heshima zote. Suud alivaa kanzu nyeupe, ncha ya mkono mmoja wa kanzu ikaning'inia tupu. Masinia ya pilau yakaletwa, wanaume wakanawa, wakakaa kwa kuzunguka. Suud akajisogeza penye sinia la wazee wenzake. Wakampisha, lakini wakatazamana, kwa maana mkono uliombakia ni ule ambao mwenye adabu hautii katika chakula cha watu.

Mbaruk aliliona hilo upesi, kwani ni mtu mwema. Akamshika bega, akamkalisha kando ukutani, akaita aletewe sahani yake peke yake, na kijiko.

"Hapa utakula kwa raha zako, Bwana Suud."

"Ahsante," Suud akasema.

Pilau ilikuwa tamu. Aliimaliza yote, kwa sababu watu walikuwa wanajitahidi kutomtazama.