Karanga Zilizokataa Kuota

Mradi wa karanga wa Waingereza ulipoanza kufa pale Nachingwea, sisi makarani wa bohari tulikuwa wa mwisho kuambiwa. Nilikuwa kijana mwenye baiskeli na mwandiko mzuri, na shamba sikuwa nalo. Ndipo nikaona gazetini tangazo la nafasi ya kwenda Dar es Salaam kusomea uandishi wa habari, gharama zote juu ya serikali. Mwombaji aandike barua ya kujieleza, pamoja na habari moja ya kwao ambayo hakuna gazeti lililowahi kuiandika. Nililisoma huku nikitafuta mtego uko wapi. Wazungu walishatuahidi mengi, na matrekta yao tuliyaona yakishika kutu porini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hata hivyo niliandika. Barua yangu ya kwanza ilijaa sifa: mtiifu, mwenye bidii, mpenda elimu. Nikampelekea mwalimu wangu wa zamani, mzee mkali asiyejua kusifu. Aliisoma akanirudishia kwa vidole viwili, akasema hata mbuzi wa mnadani husifiwa vizuri kuliko hivyo, na kwamba waombaji wote wataandika hayo hayo.

"Waambie umeona nini ambacho wao hawajaona," alisema. "Wakiyaamini macho yako, na mengine watayaamini."

Nikapanda baiskeli mpaka Mbekenyera, upande wa Ruangwa, kwa mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Hakufurahi kuniona. Alitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu akauliza ni nani aliyenituma. Miaka ile mtu mwenye kalamu alikuwa ama wa kodi ama wa kupima ardhi, hakuna mwingine. Nilikula ugali wake kwa kisamvu huku ananichungulia kama mgeni, mimi ambaye yeye ndiye aliyenifundisha kutembea. Iliniuma sana.

Asubuhi nikaona jambo. Mbele ya nyumba karanga zake zilikuwa zimesongamana, majani kijani kibichi. Pembeni yake kulikuwa na kipande alichopimiwa na bwana shamba, ambaye aligawa mbegu za mradi kwa kila nyumba na kuamuru zipandwe ili kujaribu udongo. Kipande kile kilikuwa kitupu, na vya majirani vilikuwa hivyo hivyo. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Nilipomuuliza akasema ni amri ya Mungu. Nikamwambia Mungu hawezi kuwa na ugomvi na mbegu za bwana shamba peke yake, na hapo kicheko kikamshinda.

"Tulizichemsha kidogo kabla ya kupanda," alisema. "Si uliona walivyofanya kwenu Nachingwea? Karanga zikistawi hapa, matrekta yatakuja, na sisi tutaambiwa tuhame."

Bwana shamba alikuwa ameshapeleka taarifa kwamba udongo wa huko haufai kwa mbegu za mradi. Angejua ukweli, mama mdogo na wanawake wenzake wangefungwa. Nilirudi nikaandika habari nzima bila jina la mtu wala la kijiji, nikasema tu ni mwanamke mmoja wa upande wa Ruangwa. Mwalimu aliisoma mara mbili, hakutoa kosa, akaniambia niitume.

Nikaitwa bomani kwa mahojiano. Mezani walikaa Mzungu mmoja wa serikali na mhariri Mwafrika aliyetoka Dar es Salaam. Dirishani alikaa mtu wa tatu, kaptura ya kaki na soksi ndefu, ambaye hakuna aliyenitambulisha kwake. Mhariri alisema habari yangu ilizishinda zote walizopokea. Nilifurahi hata nikasahau kushukuru. Kisha Mzungu akauliza, kwa Kiswahili safi, ni kijiji gani. Mhariri akaongeza kwamba gazeti halichapishi lisichoweza kukithibitisha, kwa hiyo nitaje mahali na nimtaje huyo mwanamke. Pengine ilikuwa haki yao kuuliza. Lakini yule wa dirishani alikuwa ameacha kutazama nje.

"Nilitunga," nikasema.

Mhariri alikunja karatasi zangu. Akasema, kwa masikitiko ambayo hata mimi niliyaamini, kwamba watunga hadithi gazeti lake halina kazi nao. Nafasi akapewa kijana mwingine. Mpaka leo sijui kama yule mtu wa dirishani alikuwa mkubwa wa mabwana shamba au msafiri tu aliyekuwa akingoja lori.

Nilikwenda kumweleza mama mdogo kila kitu. Alinisikiliza, akanichinjia kuku, akanipa pole. Nilidhani yamekwisha. Mvua zilipokaribia bwana shamba, ambaye alishaukataa udongo ule, akagawa mbegu tena bila kusema sababu, na siku moja nikamkuta mama mdogo kwenye kile kipande akizipanda kama zilivyotoka guniani, bila kuzipitisha motoni. Nilikasirika. Nikamuuliza kama haniamini, mimi niliyeikosa Dar es Salaam kwa ajili yake.

Aliendelea kufukia. "Naamini hukusema, mwanangu," alisema. "Lakini uliandika. Zisipoota tena, watajua ni hapa."

Karanga zile zilistawi kuliko za mbele ya nyumba, na msimu mzima kila lori lilipovuma barabarani alisimama na jembe mkononi, akisikiliza linaelekea wapi.