Wifi na Mistari Iliyokatika

Wifi yangu anachora mabomba ya maji. Hachimbi wala haungi, anachora tu, na amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa katika chumba kimoja, kwenye kiti kimoja, mbele ya dirisha moja linalotazama ukuta wa stoo. Mafundi wa bomba wanamwita Mama Mistari. Mimi ni karani wa masjala, meza yangu iko mlangoni mwa chumba hichohicho, na nimekaa naye kiasi kwamba akikohoa najua kama ni mafua au ni hasira. Ni mke wa kaka yangu. Najua sisi mawifi tuna sifa mbaya, na mdomo wangu kweli hauna breki, lakini huyu nampenda, na ndiyo maana habari yake inanikera hadi leo.

Mezani kwake kuna kompyuta mbili. Ya kushoto ni kuukuu, plastiki yake imekuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai, ukanywa, ukaosha kikombe, ukarudi na kuikuta bado inajifikiria. Ndani yake mna programu ya kuchorea ambayo kampuni iliyoitengeneza ilishakufa zamani. Ya kulia ni mpya, ina programu ambayo sasa idara nzima inaitumia. Programu hizi mbili ni kama wake wenza: hii ikisema hivi, ile inasikia inavyotaka. Kazi ya wifi ilikuwa kuhamisha michoro yote ya mji kutoka kushoto kwenda kulia.

Mwanzoni nilidhani ni kazi ya kunakili, kama tunavyotumiana picha kwenye simu. Akanicheka. Mchoro wa bomba si picha, aliniambia. Picha ni vitone vya rangi, lakini mchoro ni maagizo: mstari uanzie hapa, uishie pale, uwe mnene kiasi hiki, ukatike kila baada ya milimita kadhaa. Programu mpya inayasoma maagizo hayo kwa kichwa chake. Duara linafika lina kona kama embe lililobonyezwa. Maandishi yanafika yamegeuka alama za kuuliza. Vali za kufungia maji zinafika zimepinduka, zinatazama zilikotoka. Basi mtu anakaa na kurekebisha kimoja kimoja kwa mkono. Siku akiwa na nguvu, wifi alimaliza michoro sita. Michoro yenyewe ilikuwa elfu nne na ushei.

Sasa kaka yangu. Ni mwalimu wa hesabu, na miaka kumi na moja iliyopita alihamishiwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Wifi alibaki huku ili binti yao asikatishwe masomo. Wakawa wanaonana likizo kwa likizo, kaka ndiye anayepanda basi kuja huku. Mwaka jana binti alipomaliza shule, wifi hakuwa tena na sababu ya kubaki, akaandika barua ya kuomba uhamisho. Kumbe idara ya maji ya kule alipo kaka ina nafasi ya mchoraji, na wakakubali kumshikia hadi mwisho wa mwaka huu. Mkuu wetu naye akakubali, ila kwa sharti moja: ataondoka akishakamilisha kuhamisha michoro yote. Neno "yote" alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Tulipiga hesabu mimi na wifi nyuma ya bahasha. Kwa michoro sita kwa siku, angeondoka baada ya miaka miwili na nusu, na nafasi ya kule ingekuwa imeshapata mwenyewe.

Ndipo mwezi wa pili akaja mtaalamu. Alikuwa na kitambulisho kinaning'inia shingoni na maneno mengi, na kompyuta yake ilikuwa na programu ya kutafsiri michoro, kazi yake kusoma lugha ya kushoto na kuandika ya kulia. Aliichomeka saa ya chai. Kabla ya chakula cha mchana kioo kikaandika kwamba michoro elfu nne mia moja na kumi na miwili imehamishwa, makosa sifuri. Maduara yalikuwa maduara. Maandishi yalisomeka. Vali zilitazama mbele. Wifi alijifunika uso kwa viganja akalia, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia, na mtaalamu akashindwa kujua akae au aondoke.

Mkuu alisaini barua ya uhamisho siku hiyohiyo. Ijumaa ya wiki ile ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho. Wifi alisafisha droo, akaitoa sweta iliyokaa mgongoni mwa kiti tangu sijui lini, akampigia kaka simu akicheka kama msichana.

Alhamisi asubuhi, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alifungua mchoro mmoja kwenye kompyuta mpya ili autazame tu. Nikamwona anavuta kiti mpaka pua karibu iguse kioo.

"Wifi, njoo uone," akaniambia.

Nikaenda. "Naona mstari."

"Ndiyo. Mstari mzima."

"Si vizuri ukiwa mzima?"

"Bomba hili halipo," akasema. "Lilipangwa tu. Hakuna aliyewahi kulichimbia."

Akanieleza, na sauti yake ilikuwa chini kana kwamba kuna mgonjwa chumbani. Programu ya zamani haikuwa na namna ya kuonyesha aina nyingi za mabomba, kwa hiyo yeye mwenyewe alibuni alama zake. Bomba lililo ardhini na linalotoa maji lilikuwa mstari mzima. Lililopangwa bila kuchimbiwa lilikuwa mstari uliokatikakatika kwa nafasi fupi. Lililokufa na kuzibwa, nafasi ndefu. Lililosemekana lipo lakini hakuna aliyeliona kwa macho yake, fupi na ndefu kwa zamu. Sasa programu ya mtaalamu ilipokutana na nafasi hizo za ajabu haikuzitambua. Ikaona ni uchafu, ikaziunganisha. Mji mzima ukajaa mabomba.

"Nani mwingine anazijua alama hizo?" nikauliza.

"Mimi."

"Na hukuandika popote?"

Alitazama ukuta wa stoo. Akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia miaka yote tuliyokaa humu. Zamani walikuwa wachoraji wanne. Likaja agizo la kupunguza wafanyakazi, na kila mchoraji akaambiwa aandike maelezo ya kazi yake. Watatu waliandika vizuri, kwa mwandiko safi, na wote watatu wakapunguzwa. Yeye aliahidi ataandika, akawa anaahidi tu. "Niliona wakishajua ninachokijua, hawatanihitaji," alisema. "Nilikuwa na mtoto mdogo, wifi."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, tulifundishwa hivyo. Sikulisema. Methali nyingine ukimwambia mtu aliye shimoni ni sawa na kumrushia mchanga. Badala yake nilikwenda nikaufunga mlango.

"Nyamaza," nikamwambia. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mkuu ameridhika, mtaalamu ameridhika, barua unayo. Kesho uko njiani."

"Zimamoto wanatumia michoro hii."

"Wifi..."

"Nyumba ikiwaka watafunga mpira wao mahali ambapo kwenye karatasi kuna bomba. Halipo. Watafanyaje?"

"Hakuna nyumba iliyowaka."

Jibu hilo linanitia aibu. Lakini nisidanganye, hata leo ningelisema tena. Nilikuwa nimechoka kuwaona wawili hawa wakiishi kwa kuagana kwenye vituo vya mabasi.

Alishinda siku ile na barua mkobani, anafungua mchoro mmoja baada ya mwingine, anafunga. Chakula hakugusa. Kila alipofungua alizidi kujikunja kitini. Ijumaa saa nne asubuhi akapiga moyo konde, akaenda kwa mkuu, nami nikabaki nagonga mihuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mkuu wetu angekuwa mtu mbaya ningepata wa kumlaani. Ni mtu mwema tu. Alimsikiliza, akamshukuru kwa kusema ukweli, akasema, "Mama, hili si jambo la kuharibu safari yako. Nakupa wiki mbili. Andika maana za alama zako zote, wachoraji wapya tuliowaajiri juzi chumba cha pili watazifuata na kurekebisha. Ukinikabidhi, nenda zako kwa mumeo."

Wifi alirudi anatabasamu. Aliandika ukurasa wa kwanza kabla ya chai, na ulikuwa mzuri: fupi, ndefu, za zamu. Kisha akachukua mchoro wa miaka tisa nyuma ili auhakiki ukurasa wake, na mchoro ukakataa. Akakumbuka kwamba mwaka ule walibadilisha mashine ya kuchapia, wino ukawa unameza nafasi fupi, naye akaamua ndefu ziwe ndizo za mabomba yasiyochimbiwa. Akaongeza aya: isipokuwa michoro ya mwaka ule. Halafu akakumbuka mpimaji mmoja aliyeng'ang'ania mambo yake. Isipokuwa mitaa aliyoipima huyo. Halafu miezi aliyokuwa akichora huku ananyonyesha, ambayo hata hakumbuki alikuwa anawaza nini. Isipokuwa hiyo.

Wiki mbili zilipokwisha alikuwa na kurasa thelathini na moja, na karibu zote zilikuwa za isipokuwa.

La ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuzihitaji. Nilimjaribu. Nilikaa kama mwalimu, nikawa nafungua michoro ovyo kwenye ile kompyuta ya zamani, yeye anaitupia jicho na kusema, "Hili lipo. Hili halipo. Lile lilikufa." Nilikwenda kwenye makabati ya masjala nikalinganisha na ripoti za mafundi za miaka hiyo. Hakukosea hata moja.

"Unajuaje?" nikamuuliza.

"Nakumbuka nilipokuwa nauchora."

Mkuu alizisoma kurasa zote thelathini na moja. Nilimwona kupitia mlango, akirudi nyuma, akienda mbele, akiweka kidole. Aliwapa wale wachoraji wapya mchoro mmoja wajaribu, na kila mmoja akaja na jibu lake. Mwisho akamwita wifi.

"Mama, kumbe ufunguo si hizi karatasi," alimwambia kwa huruma kabisa. "Ufunguo ni wewe."

Akaomba ile barua irudi. Wifi akaitoa mkobani, imeshaanza kuchakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi. Na kwa kuwa mimi ndiye masjala, ililetwa kwangu niiweke kwenye faili. Niliiweka. Ungekuwa wewe ungeiweka wapi? Wifi akakaa kwenye kiti chake, akawasha kompyuta ya kushoto, akasubiri ijifikirie. Mchoro wa kwanza kati ya elfu nne mia moja na kumi na miwili.

Nilikasirika na kila mtu: mtaalamu, mkuu, wale wachoraji watatu waliojifanya wana mwandiko safi. Nikakosa wa kumrukia. Saa ya chakula, wifi alipotoka kwenda kuosha vikombe, nikampigia kaka. Mikono yangu ilikuwa inatoboa karatasi, kwa hiyo niliiweka simu mezani na sauti nikaifungua.

"Kaka, mkeo haji."

"Ameshaniambia."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa."

"Sawa!" Nikatoboa karatasi isiyo ya kutobolewa. "Mwenzio anakauka humu ndani kama dagaa, wewe unasema sawa? Panda basi uje! Mpigie kelele mkuu wake, fanya fujo, fanya chochote! Wewe ni mume wa namna gani?"

Akacheka kidogo, kicheko chake cha kutuliza darasa.

"Mdogo wangu, usijipandishe presha. Mwambie asihangaike kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea. Hata kile kitanda chetu kikubwa nilishakiuza, kilikuwa kinajaza chumba bure. Nalalia kile cha futi tatu na nusu, kinanitosha kabisa."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikahisi mtu nyuma yangu. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili vinachuruzika maji. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aliviweka vikombe juu ya mafaili yangu, kitu ambacho hajawahi kufanya, akainamia simu.

"Ulikiuza lini?"

Kaka akasema, "Mke wangu, kumbe uko hapo?"

"Nipo. Ulikiuza lini?"

"Mwaka jana."

"Mwezi gani?"

Kaka yangu ana kasoro zake, lakini namba hajui kuzidanganya. "Wa tatu," akasema.

Wifi alitikisa kichwa polepole, kama vile anaonekana. "Haya," akamwambia. "Ule vizuri." Akaikata simu kwa kidole chenye maji, akarudi kwenye kiti chake, na mimi sikuthubutu kumtazama.

Barua ya kuomba uhamisho aliiandika mwezi wa sita wa mwaka huohuo. Kwa hiyo miezi mitatu kabla hajatamka kwamba anakwenda, kaka alikuwa ameshaacha kumngoja, na katika simu zao zote baada ya hapo hakumwambia. Tarehe ya barua naijua vizuri, kwa sababu muhuri wa kupokelewa niliugonga mimi, na siku ile tuliufunga mlango tukacheza humu chumbani, mimi na yeye, mpaka mafundi wakaja kuuliza kuna nini.