Sega la Bati Ndani ya Ekzosi

Jumamosi nilipeleka gari langu, mtumba wa Japani, kwa fundi wa ekzosi barabara ya Msalato, maana mlimani lilikuwa linasuasua. Alikata kopo la katikati ya bomba, akatoa bati jembamba kama karatasi, limekunjwa likawa na vitundu kama sega la nyuki.

"Hili ndilo limeziba, mzee. Nilitupe?"

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri pikapu yake alilichukua, akachungulia kwenye jua. "Lina kazi gani?"

"Linasafisha moshi, mama. Ila kwa mafuta yetu haya, linakufa upesi."

"Ukilitupa, nani atausafisha? Nauliza kwa sababu nina pumu."

Fundi akanitazama mimi. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Tupa tu."

Sasa gari linapanda vizuri. Jumapili, baada ya ibada, nililiwasha nikimsubiri mke wangu. Kumbe yule mama tunasali naye. Alipita nyuma ya gari, akavuta khanga akaziba pua, akaja dirishani.

"Bwana asifiwe, baba," akasema ndani ya khanga.

Nilizima injini kwanza, ndipo nikaitika amina.