Msumeno Usioweza Mti

Juzi dukani mjini Tawa, nikingoja kupimiwa misumari, mbele yangu mama mmoja alikuwa akichagua msumeno wa petroli. Muuzaji aliupigapiga ule mkubwa kama ng'ombe wa mnada. "Mama, chukua huu. Huu unaangusha mti mzima."

"Mimi nakata matawi ya miembe tu, tena mara moja moja. Nipe ule mdogo."

"Huo ukikutana na mti mnene utashindwa."

Mama akauinua mdogo kwa mkono mmoja, akatabasamu. "Ndiyo maana nautaka. Majirani wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, wamenilimia shamba. Wakija kuniomba chombo, nitawanyima kwa mdomo gani? Nikiwa na huo mkubwa, wataomba na miti aliyoniachia mzee wangu, iishe kwa makaa, tena kwa msumeno wangu mwenyewe. Huu mdogo nitawapa. Watarudisha kabla ya chai."

Muuzaji akaanza kuufunga mdogo.

Tumezoea kuuliza chombo kina nguvu gani. Mama yule aliuliza nani atakiazima. Mimi nina wilibaro kubwa kuliko zote kijijini. Sijaiona tangu Pasaka.