Maji ya Mmea wa Mama

Mama alizaliwa Nyanungu, kwenye vilima vya mawe. Alipoolewa Kisaka alikuja na nguo zake, chungu kimoja, na mmea mdogo alioung'oa mwenyewe katikati ya mawe nyuma ya nyumba yao. Ni jamii ya alovera, ila alovera iliyogoma kukua, haizidi kiganja. Majani yake mafupi, manene, yamejaa maji ndani, na juu ya kijani kile yametapakaa madoadoa meupe kama ya ndama. Baba, mfugaji tangu utotoni, alikuwa akimtania kwamba wakwe zake walipokea ng'ombe wa mahari, kisha wakamrudishia mmoja wa madoa asiyekamuliwa.

Mama aliupanda kwenye sufuria iliyotoboka, changarawe nyingi, udongo kidogo, akauweka juani kando ya jiko. Maji aliunyima. Alingoja mpaka majani yanywee na kuanza kuwa mekundu kwa kiu, ndipo auonjeshe kikombe kimoja, basi. Mimi mtoto wake wa kwanza nilimwona ana roho mbaya. Akanieleza kwamba mmea ule umezoea kuishi kwenye mwamba, chini yake hakuna kitu, kwa hiyo maji yake unayaweka mwenyewe majanini. Ukiubembeleza kama mche wa nyanya, unaoza mizizi.

Mwaka jana aliugua tumbo, akalazwa Mugumu. Mimi nilikwenda kumuuguza, baba akabaki na ng'ombe. Kila nilipompigia baba simu, mama aliniomba niulize mmea wake unaendeleaje. Baba alijibu kwamba anautunza, tusiwe na wasiwasi.

Alikuwa anautunza kweli, na balaa lilianzia hapo. Baba anajua jambo moja maishani: mnyama akidhoofika unamtoa juani, unampa maji, unamlisha. Alipoona majani yamekuwa mekundu akajua unaumwa. Akauingiza ndani, akaujazia samadi ya zizini, akawa anaumwagilia asubuhi na jioni. Na maji yenyewe aliyachota yeye. Mzee wa Kikurya, mwenye mji wake na wajukuu, ambaye hajawahi kubeba ndoo tangu atahiriwe, akawa anapanga foleni kisimani na wanawake. Walimcheka mpaka wakachoka. Aliwaambia mke wake amemwachia kitu, na yeye si mtu wa kukabidhiwa kitu kikafa.

Kisha hospitalini tukaambiwa tumrudishe mama nyumbani. Nilielewa, na yeye alielewa.

Tulimlaza kwenye mkeka uani. Kabla hata ya kunywa uji aliulizia mmea. Baba aliingia ndani akautoa kwa mikono miwili, anatabasamu kama kijana anayeposa. Mimi niliona kwa mbali. Majani yamepauka, yamelala, madoa hayaonekani vizuri. Mama akapenyeza kidole kwenye udongo. Akagusa jani moja, likabaki mkononi mwake, kitako chake kimeoza na kulainika kama parachichi lililopitiliza. Akalifunika haraka kwa kanga.

"Asante, mzee," akasema. "Umeutunza."

Baba akaenda kwa ng'ombe wake kifua mbele. Mimi hasira zilinipanda, na mdomo wangu hauna breki. Nikasema yule mzee ameua kitu pekee cha kwao kilichobaki, hata kuuliza hakuuliza. Katikati bado palikuwa na kichipukizi kizima. Nilitaka nikikate hapo hapo, nikiache kikauke kidonda, nikipande upya kwenye changarawe kama alivyonifundisha. Nikanyanyuka kutafuta kisu. Mama akanishika mkono.

"Ukiukata, atauliza kwa nini. Utamwambia nini?"

Nikamwambia nitasema ukweli.

"Mimi ninaondoka, mwanangu. Yeye anabaki. Mwache abaki akijua kuna kitu alinifanyia."

Nilimkasirikia, sifichi. Niliutaka ule mmea. Nilitaka niwe na kitu cha kwao nikimaliza kumzika, na yeye ananinyima kwa ajili ya furaha ya mzee asiyejua kutofautisha alovera na mchicha. Nililia nyuma ya jiko kisha nikarudi kumkorogea uji.

Hakumaliza wiki. Tulimzika pale pale nyumbani.

Watu walipotawanyika, asubuhi moja nilimwona baba anatoka kisimani na ndoo. Ndani ya sufuria kilikuwa kimebaki kishina cheusi na majani mawili yaliyolala. Hata kile kichipukizi kilikuwa kimekwenda. Akachuchumaa, akautazama muda mrefu.

"Umenyong'onyea hivi tangu afariki," akaniambia. "Nao una msiba. Niuongezee maji?"

"Uongezee, tata."

Nikaishika sufuria isiyumbe, naye akamimina polepole, mpaka yakafurika miguuni mwetu.