Mkanda wa Mwisho Nyuma ya Shuka

Kilichoninyima usingizi ni mkanda wa mwisho wa sinema moja ya mikanda minne. Mikanda mitatu ya mwanzo ilieleza kuwa mume ameuawa. Katika wa nne anafungua mlango na kuingia nyumbani kwake, mzima, kofia mkononi. Na mtu niliyekusudia kumwonyesha sinema hiyo alikuwa shangazi yangu, aliyekuwa ndani ya eda. Je, mjane anaonyeshwa marehemu anayerudi? Au niseme mkanda umekatika? Na nikimdanganya mfiwa, si vibaya zaidi?

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni bara, nimepata kazi ofisini, na karibu mshahara wote uliishia kwenye sinema ndogo za kuonyeshea nyumbani. Mashine niliipata mnadani, kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Mikanda yake ilikuwa myembamba kama utepe wa nguo, haina sauti, na kila mmoja ulienea kiganjani. Nilikusanya sinema za aina moja tu: za kuweka roho juu, zenye mauaji na vivuli vya ngazini. Ajabu, kwa mtu ambaye akisikia hodi huanza kuwaza misiba.

Shangazi naye aliipenda sinema. Kila wiki, siku ya wanawake, alivaa buibui lake akaenda na mashoga zake. Tangu kufiwa hatoki, na wala hacheki; sahani ilirudi jikoni vile ilivyokwenda. Nilitaka kumsikia akicheka tena, japo mara moja. Lakini kicheko kikisikika njiani kutoka nyumba ya msiba, watu watasemaje?

"Shikamoo, Shangazi. Nilikuwa nafikiri, kama si vibaya, na kama hutoona tabu..."

"Marahaba. Iwashe hiyo mashine, baba. Ukingoja umalize kufikiri, eda yangu itakwisha."

Mashoga wakaja Alkhamisi, baada ya alasiri. Mimi si maharimu wao, kwa hivyo tukatundika shuka katikati ya chumba: wao mbele, mimi na mashine nyuma. Nikafunga madirisha. Kumbe mimi, nifikiriaye kila kitu, jambo moja lilinipita: picha ikitazamwa upande wa pili wa shuka, kulia hugeuka kushoto.

"Yarabi! Mbona wote wanakula kwa mkono wa shoto?"

"Shoga, ndio Wazungu hao."

"Na kuamkiana pia kwa shoto! Basi wote wameua."

Nikawaacha na hukumu yao. Nikaendelea kuwasomea maandishi ya kwenye picha kwa Kiswahili, huku nikijiziba mdomo kwa mkono kila nikimaliza sentensi, kicheko kisinitoke.

Katika mkanda wa pili akatokea mke wa marehemu, midomo imepakwa rangi. Chumba kikalipuka kwa kelele.

"Mumewe kafa jana, na viatu virefu vile!"

"Ndiye yeye! Mkamateni!"

Mmoja akalipiga shuka kwa kanga hata uso wa askari wa kwenye picha ukayumba kama uji. Mimi nilikuwa nimekaa chini, machozi yananitoka kwa kucheka.

Mkanda wa tatu ulipokwisha, nikasikia sauti ya shangazi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

"Nyote hamjui kitu. Nani kamwosha?"

"Kamwosha nani, shoga?"

"Maiti. Kaoshwa na nani? Sanda yake mmeiona? Hakuna aliyemwosha. Basi hajafa huyo. Anarudi."

Mashoga walikumbuka, wote kwa pamoja, wako nyumba ya nani. Mimi nilikuwa nimeushika mkanda wa nne, unateleza kwa jasho. Uongo wangu, kwamba umekatika, ulikuwa tayari. Nilishaufanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Wewe, nyuma ya shuka!"

"Naam."

"Wangu mimi nilimwona ndani ya sanda, nikamuaga. Huyu simjui, akitaka kurudi arudi. Una mkanda mwengine, au huna?"

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikufikiri.

"Nnao, Shangazi."

Nikaupachika, nikawasha. Mlango ukafunguka, mume akaingia na kofia yake, bila shaka mkono wa shoto. Upande wa pili wa shuka shangazi akapiga kelele, "Si nilisema mimi!" halafu akacheka, akacheka hata akapaliwa. Kama kicheko kilisikika njiani, kilisikika.