Kwenda Goma Kuuliza Kama Huzuni Hutoa Mimba

Tarehe nne ya mwezi wa pili mimba yangu ilitoka, ile tuliyoipata kwa sindano za kukuza mayai baada ya kungoja miaka. Mama mkwe alinikataza kulia. "Mawazo yako njo ilitoa mimba," alisema. "Ukiendelea kulia, hata ingine haitakuja." Daktari wa Goma aliponiita kupimwa kabla ya kuanza sindano upya, nilikwenda hasa ili nimuulize kama ni kweli.

Nilitoka kwetu Muheto kungali na ukungu, kwa pikipiki. Ng'ombe walisimama katikati ya barabara. "Hawa hawana permis ya kuendesha, lakini njo wenye njia," dereva alisema, akangoja wapite. Kwenye vizuizi vya wenye bunduki alizungumza yeye. Mimi nilitazama chini.

Sake, mji wa njiani, tulifika jioni, nikalala kwa shangazi yangu. Asubuhi alinipa maziwa. Nilikuwa nimeambiwa nisile kitu, kwa kuwa wangepima mate yangu kuona kama mwili una mawazo. Lakini kwetu maziwa ya mwenyeji hayakataliwi. Ni kama kuwatakia ng'ombe wake mabaya. Tena, kusema kweli, sikuyahesabu kuwa chakula. Nikanywa yote.

Goma, muuguzi alinishikisha kichupa cha kutemea mate.

"Mama, haukukula?"

"Hapana. Nilikunywa maziwa tu."

Akakichukua tena upesi. "Aa, Mama! Leo tungepima ngombe, si wewe!"

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Nikauliza, "Kwani ngombe nayo iko na mawazo?"

"Wanaikamua kila siku bila kuiuliza. Unazani iko na furaha?"

Hapo nikacheka na mimi. Kisha akanieleza: mwili ukiwa na mkazo hutoa homoni iitwayo kortisoli. Huwa juu asubuhi na kushuka jioni. Ng'ombe pia anayo, hupita kwenye maziwa na kuvuruga kipimo. Nimekamua tangu utoto, na sikujua kwamba hofu ya mnyama yaweza kuingia ndani ya ndoo. Akaniambia nirudi kesho, kinywa kitupu.

Kesho yake nilitoa mate, kisha daktari, mama mmoja mpole, akanionyesha kwenye kompyuta vipimo vyangu vya zamani. Siku za sindano mstari wa kortisoli ulikuwa umepanda.

"Tunaona hivi kwa wanawake wengi," alisema. "Sindano, safari, kungoja: mwili unasikia yote."

"Njo ilitoa mimba?"

"Angalia hapa. Ilikuwa juu, na mimba ilishika. Kwa nini ilitoka, sijui, Mama. Lakini sioni kitu cha kunifanya niseme ni huzuni yako."

Sikuwahi kumsikia daktari akisema hajui. Kwa sababu hiyo nilimwamini.

Njia ya kurudi niliyarudiarudia maneno yake kichwani, nisije nikayaongeza.

Muheto nilimkuta mama mkwe jikoni akimenya viazi. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo hata daktari hajui?"

"Hajui, Mama. Ila hakuona kosa ya machozi."

Alimenya viazi kadhaa. Halafu akauliza, "Ulikuwa umemupatia mutoto jina?"

Nikamtajia. Akalitamka kwa sauti ndogo. Nikaanza kulia mbele yake, naye hakunikataza.